Swichi Nyekundu Nyuma ya Mashine

Wiki tatu zilizopita nilisema ukweli mbele ya uwanja uliojaa watu, na watu wakacheka. Wazee walicheka wakishikana mabega, wanawake waliokuwa wanalia walicheka huku machozi yakiwatoka, na mjane mwenyewe alinipiga begani kwa ncha ya kanga yake akasema, "Mnyamwezi mwongo wewe!" Nimefundisha vijana kutengeneza kompyuta hapa Tabora kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninachowasisitizia tangu siku ya kwanza ni kwamba hitilafu iandikwe kama ilivyo, kwa mpangilio, bila kupambwa. Basi na hii nitaiandika hivyo hivyo. Karatasi haina utani na mtu.

Marehemu alikuwa Mwinshehe, Mzaramo aliyeletwa huku na reli akiwa kijana, akaoa, akabaki. Tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja tu, katika chumba kimoja pale Isevya, mali ya Bwana Hamdani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, yeye amenizidi kama minne. Chumba kile zamani kilikuwa cha fundi cherehani, na ukifagia ulikuwa bado unaokota sindano kwenye nyufa za sakafu. Kulikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa dirishani, penye mwanga na upepo, na mteja akiingia humwona kwanza aliyeikalia. Hiyo ilikuwa ya Mwinshehe. Yangu ilikuwa nyuma, ubavuni mwa rafu ya mashine zilizokufa, mahali ambapo hata mchana nilihitaji taa ya meza. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na nyuma ya ukuta huo ndimo Bwana Hamdani alimokuwa na ofisi yake na simu yake. Kompyuta wakati ule zilikuwa bado ni wageni wa heshima. Watu walizifunika kwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, kama vile vya kwenye makochi, na mashine ikija kwetu ililetwa na kitambaa chake, na mwenyewe alitusihi tusikipoteze.

Sikusomea kazi hii popote. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza, nakala iliyotolewa kwa mashine mpaka picha zake zimekuwa nyeusi tupu, na kamusi. Kila jioni nilitafsiri ukurasa mmoja na kuuandika kwenye daftari. Kutokana na daftari hilo nilijitengenezea hatua kumi na moja za kufuata mashine inapokataa kuwaka, na nilizifuata bila kuruka hata moja. Ya kwanza ni ukuta: je, umeme upo kwenye soketi? Ya pili ni ile swichi ndogo nyekundu iliyo nyuma ya sipiyu, kwenye kisanduku cha umeme, yenye namba mbili: 115 na 230. Umeme wetu ni wa namba kubwa. Swichi ikisomeka namba ndogo, mashine inaandaliwa kupokea nusu ya umeme utakaoingia, na ukiiwasha inapasuka. Nilipigia hatua hiyo mistari miwili chini kwa kalamu nyekundu. Daftari ninalo mpaka leo, na mistari ile haijafifia.

Mwinshehe hakuwa na daftari. Alikuwa na sikio. Aliinamisha kichwa, akaweka sikio la kushoto nyuma ya mashine, kwenye matundu ya feni, kisha akaiwasha na kusikiliza kama mtu anayesikiliza mbegu ndani ya kibuyu. Alijua kwa mlio wa feni kama vumbi limeganda au kama beringi imekwisha. Alijua kwa zile pipipi za mwanzo ni kifaa gani kinalalamika. Baada ya sikio alileta pua. Mimi nilipokuwa hatua ya nne, yeye alikuwa amekwisha kurudisha mfuniko.

Sisi tulikuwa watani, na asiyejua maana ya hilo hataielewa habari hii. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anakutukana wewe, na mama yako, na wafu wako, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Mchana Mama Kulwa, mama ntilie wetu, alipotuletea chakula, ugali na nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga, tulikula sahani moja, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Mtani, kula taratibu," Mwinshehe alisema. "Mzigo wa pembe hauondoki leo."

"Mimi nabeba. Wewe babu yako alikuwa amekaa chini ya mnazi anasubiri tumletee."

"Alikuwa anawahesabu! Maana mkiachwa mnapotea. Mnyamwezi bila mstari wa kufuata hawezi kwenda hata chooni." Alimgeukia Mama Kulwa. "Mama, huyu ana daftari. Hatua ya kwanza, fungua zipu."

Mama Kulwa alicheka mpaka akakalia ndoo. "Na wewe Mzaramo unajuaje kama amefika?"

"Nasikia."

Nilicheka na mimi. Nilikuwa natakiwa kucheka, na siku nyingi nilicheka kwa kweli. Lakini nikirudi kwenye meza yangu ya nyuma nilikuwa nayahesabu yale maneno, kama nilivyokuwa nahesabu kila kitu. Nilikuwa na kasoro hiyo na nadhani bado ninayo: sikuwahi kuliacha tusi lipite bila kuliwekea namba.

Mvua za kwanza zilipoanza, kazi ilipungua. Siku moja, kupitia ukuta wa mbao, nilimsikia Bwana Hamdani akizungumza kwenye simu na kaka yake. Alisema mwaka ukiisha atabaki na fundi mmoja. Kaka yake lazima aliuliza yupi, kwa sababu nilisikia kiti kikilia, kisha Bwana Hamdani akasema, "Huyu Mnyamwezi ni mtaratibu, lakini mzito. Yule Mzaramo mdomo wake haufungi, ila mashine zinamsikia. Kuna mashine inatoka Sikonge, wameshindwa nayo wote mjini. Hiyo ndiyo itakayoniamulia." Mwinshehe hakusikia. Meza ya dirishani ilikuwa mbali na ukuta ule. Na mimi sikumwambia.

Mashine ya Sikonge ilikuja juu ya lori, katikati ya ndoo za asali, imezungushiwa blanketi. Katibu wa chama cha wakulima wa tumbaku, mzee mmoja mpole aliyevaa koti hata wakati wa joto, aliileta kutoka stendi imefungwa kwenye baiskeli, huku yeye akitembea pembeni ameishikilia kama anayempeleka mgonjwa hospitali. Ilikuwa inanuka tumbaku mbichi. Ukibonyeza kitufe, feni ilishtuka, ikazunguka robo, ikazima. Basi. Hapakuwa na mlio wala picha. Bwana Hamdani alisimama katikati ya chumba akasema, "Maganga aanze. Akishindwa, Mwinshehe." Alisema kama jambo dogo. Mimi peke yangu nilijua si dogo.

Maganga ni mimi. Nilikaa nayo siku mbili. Nilipita hatua zote kumi na moja, nikarudia. Nilibadilisha kisanduku cha umeme, nikabadilisha kumbukumbu, nikatoa kila kadi na kuirudisha. Feni ilishtuka robo, ikazima. Siku ya pili jioni Bwana Hamdani aliibeba mwenyewe akaiweka dirishani.

Alhamisi Mwinshehe hakuiwasha hata mara moja kwanza. Aliinyanyua kwa mikono miwili mpaka sikioni, akaiinamisha kulia, akaiinamisha kushoto, polepole. Akatabasamu. Akafungua, akalegeza ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote, akapitisha kidole chini yake, na akatoa skrubu moja ndogo, ya rangi ya shaba, iliyokuwa imeanguka huko siku nyingi na kuunganisha umeme mahali usipotakiwa. Mashine ililazimika kujizima ili isiungue. Akafunga. Akabonyeza. Ikawaka.

Alikuja mpaka mezani kwangu akaiweka ile skrubu juu ya daftari lililokuwa wazi. "Mtani," alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha tupu, "hatua kumi na moja zote, na huyu hukumhesabu."

Tulikubaliana kwamba kesho yake, Ijumaa saa nane, katibu na Bwana Hamdani waje waione ikiwaka. Saa sita na nusu Mwinshehe alivaa kofia yake akaenda kuswali. Mimi ni Mkristo, Mmoravian. Nilibaki peke yangu na bakuli la matobolwa ambalo Mama Kulwa alituachia, viazi vitamu vilivyokaushwa na kupikwa, vile vinavyokaa kinywani kwa muda mrefu. Nakumbuka nilikuwa natafuna kimoja. Nilitembea hatua nane kutoka meza yangu mpaka dirishani. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa chake cha kufumwa, cha maua ya njano. Nilikinyanyua kidogo nyuma, nikaingiza ncha ya kalamu kwenye swichi nyekundu, nikaisukuma. Ilifanya sauti ndogo sana. Nikakirudisha kitambaa, nikarudi kukaa, na nilipomeza kile kiazi nilijiambia kwamba ni utani. Itapiga kelele mbele ya watu, ataruka, tutacheka, nitamwambia hata sikio lako hukulihesabu. Nilijua pia ni wapi angeweka sikio hilo. Ninaandika kama ilivyo.

Saa nane walikuja. Katibu alivua kofia kama yuko kanisani. Mwinshehe alikunja kitambaa mara nne akampa mwenyewe akishike, akasema, "Mzee, sasa sikiliza mwanao akiamka," akainama, sikio la kushoto kwenye matundu, akanyoosha mkono mbele kubonyeza kitufe. Mlipuko ulikuwa mkali kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimesoma neno lake kwenye kitabu, lakini neno halina sauti. Moshi mweupe ulitoka nyuma. Mwinshehe alikuwa amekaa chini, mkono sikioni, na alikuwa anafungua na kufunga mdomo kama samaki. Katibu alikuwa ameficha uso kwenye kitambaa cha maua ya njano.

Mwinshehe alipoweza kusimama aligeuza mashine, akaona. Hakuhitaji muda. "Mtu amegeuza hii," alisema kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia.

"Mtu gani?" Bwana Hamdani aliuliza. "Jini? Jana umeifanya kazi wewe, leo umeiwasha wewe."

Ndipo Mwinshehe akanigeukia mimi. Damu kidogo, uzi mwembamba tu, ilikuwa inashuka shingoni. Na alikuwa anatabasamu nusu. Nimelifikiria lile tabasamu maisha yangu yote, na sina shaka tena lilikuwa nini. Lilikuwa mlango. "Mtani," alisema, "ni wewe?"

Ningesema ndiyo, angelazimika kucheka. Hiyo ndiyo sheria. Hata na damu shingoni angelazimika kucheka, angenitukana mpaka babu wa babu yangu, Bwana Hamdani angetufokea wote wawili, na Jumatatu tungekula sahani moja. Utani una sharti hilo moja: anayetaniwa lazima ajue ni nani. Usipojitaja, ulichofanya kina jina lingine.

Nilisema, "Mwinshehe, hapa ni kazini. Usilete utani."

Tabasamu liliondoka taratibu. Bwana Hamdani alikuwa ananiangalia mimi kwa heshima, mara ya kwanza tangu nianze kazi kwake. Akamwambia Mwinshehe achukue vitu vyake. Hakuwa na vingi: kofia, bisibisi moja, kikombe cha bati. Kikombe alikisahau. Alipofika mlangoni alijigonga na fremu, kwa sababu sikio likiumia hata hatua zinapotea.

Saa tisa nilichukua kisanduku cha umeme kizima kutoka kwenye rafu ya mashine zilizokufa, nikakifunga. Nilianza na hatua ya kwanza, ukuta. Hatua ya pili nikaangalia swichi, nikahakikisha. Nikabonyeza, mashine ikawaka, kwa sababu skrubu alikwisha kuitoa yeye. Katibu alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa Kinyamwezi. Bwana Hamdani alisema, "Hamia dirishani." Jumatatu Mama Kulwa alileta sahani ileile kubwa ya watu wawili. Aliniangalia, akaangalia meza ya nyuma, akauliza, "Mtani wako yuko wapi?" Nikamwambia ameacha kazi. Nilikula nusu, na nusu nyingine ikapoa hapo mbele yangu mpaka akaja kuiondoa.

Meza ile ninayo. Bwana Hamdani alipozeeka aliniuzia duka pamoja nayo, na naandika habari hii juu yake. Mwinshehe hakupata tena kazi ya kompyuta. Fundi aliyelipua mashine ya mteja hakuajiriwa mjini, na sikio lile lilibaki na mlio mmoja usiozimika. Aliwahi kumweleza mtu kwamba ni kama mashine inayolia pi, siku nzima, na huwezi kuizima. Aliuza dagaa, kisha akawa na kibaraza Kitete akitengeneza pasi na redio, na mara chache watu wakimletea kompyuta chakavu. Tulikutana njiani mara nyingi. Katika miaka yote hiyo hakunitania hata mara moja. Aligeuza kichwa, upande wa sikio zima, akasema, "Bwana Maganga. Habari za kazi?" Nikasema nzuri. Akasema, "Namshukuru Mungu." Akapita. Mzaramo anayemsalimia Mnyamwezi kwa adabu: sijawahi kutukanwa vibaya zaidi ya hapo.

Kwa miaka mingi niliitafuta hitilafu yangu kwa njia niliyoijua. Unaondoa kifaa kimoja kimoja, uone mashine itawaka lini. Niliondoa maneno yake yote ya mezani, hata lile la chooni, nikajiuliza kama bado ningeinyanyua ile kalamu. Ningeinyanyua. Niliondoa ile skrubu juu ya daftari langu. Bado ningeinyanyua. Niliondoa meza ya dirishani, na hapo mkono wangu ukatulia. Basi nikajua. Hapakuwa na utani wowote ndani yake tangu mwanzo.

Binti yake, Zuhura, alinipigia simu alfajiri. "Shikamoo, baba. Baba yetu ametutoka. Alisema jeneza lisitoke mlangoni kabla mtani wake hajafika." Nikamuuliza mtani yupi, kwa kuwa Wanyamwezi ni mji mzima. Akasema, "Alikutaja wewe."

Nilipofika Kitete watani walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao, maana msiba wa mtani hauwezi kuachwa ukauke. Kijana mmoja alikuwa amevaa kofia ya marehemu, anatembea kati ya wafiwa amepinda kichwa, mkono nyuma ya sikio. "Eeh? Unasemaje? Mwinshehe amekufa? Sema upande huu, huku hakuna mtu!" Watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Jeneza lilipotoka nilisimama mlangoni, nikanyoosha mikono yote miwili, nikazuia njia kama desturi inavyotaka. Uwanja ukanyamaza kumsikiliza mtani.

"Hapiti mtu," nilisema. "Huyu nilimmaliza mimi. Mashine ya Sikonge niligeuza swichi mimi, alipokwenda kuswali. Nililipua sikio lake nipate meza yake. Akaniuliza, nikakana. Mimi ndiye niliyemfanya auze dagaa."

Nimekwisha kueleza walivyocheka. Mzee mmoja alipaza sauti, "Mnyamwezi! Hata kuua anaua kwa hatua!" Wakacheka tena, wakanisukuma pembeni kwa upole, na jeneza likapita.

Baada ya maziko nililetewa ukoko wa pilau kwenye sinia, kwa sababu mtani hapewi nyama. Zuhura ndiye aliyeuleta. Ana umri kama niliokuwa nao mimi mwaka ule, na akisikiliza anainamisha kichwa kama baba yake, ingawa masikio yake yote ni mazima. Alikaa kwenye mkeka, akawa anachezea ncha ya mtandio wake.

"Baba," alisema, "mtu akimletea mzee kompyuta, kabla hajamsalimia, alikuwa anapitisha kidole nyuma ya mashine. Hivi. Tulikuwa tunamcheka. Siku moja nikamuuliza anatafuta nini. Akasema kuna mtani wake alimfanyia utani, kisha akasahau kucheka. Akasema bado anamsubiri acheke."

Alinitazama.

"Yale uliyoyasema mlangoni. Ni kweli?"

Nilikuwa nimeshika kipande cha ukoko. Ulikuwa ni mlango uleule, umefunguliwa tena, na safari hii hapakuwa na meza ya mtu wala Bwana Hamdani wala kitu chochote cha kupata. Nilikuwa nimeondoa vifaa vyote.

"Mwanangu," nilimwambia, "msibani mtani hasemi kweli."

Alishusha pumzi. Kisha akacheka, kama anavyotakiwa, akanisogezea sinia karibu.